Katibu na Amri za Kompyuta: Kutunza Nakala za Daftari la Wanachama

Chama cha msingi kinachoweka daftari la wanachama ndani ya kompyuta kimeweka humo haki za watu: kilo za majani mabichi ya chai zilizopimwa, hisa, madeni ya mbolea na malipo. Umeme ukikatika ghafla wakati wa mvua zetu za Lufingo, au mashine ikiibwa, mkulima aliyepoteza stakabadhi hana shahidi mwingine ila nakala. Hata hivyo kazi ya kunakili huahirishwa mara kwa mara. Sababu si uvivu. Katibu amekwisha kupima chai tangu asubuhi, na jioni anatakiwa kufungua folda moja baada ya nyingine.

Kazi inayorudiwa kila siku bila kubadilika yafaa ikabidhiwe mashine. Katika kompyuta zenye Windows, amri zaweza kuandikwa kwa maneno, mstari kwa mstari, zikahifadhiwa katika faili moja, nayo kompyuta ikazitekeleza kwa mfuatano. Faili hiyo huitwa skripti. Tuseme daftari limo katika folda iitwayo CHAMA kwenye diski C, na flashi imesomeka kama E (hakikisha herufi hiyo kwanza). Fungua Notepad, uandike:

set /p siku=Andika tarehe ya leo:
xcopy C:\CHAMA E:\%siku% /S /I
pause

Mstari wa kwanza huuliza tarehe na kuikumbuka kwa jina la siku. Wa pili hunakili folda nzima, pamoja na zilizomo ndani yake, katika folda mpya yenye tarehe hiyo. Wa tatu huisimamisha skrini ili Katibu asome idadi ya faili zilizonakiliwa. Ikiwa ni sifuri, kazi haikufanyika. Hifadhi kwa jina NAKALA.BAT, ukichagua aina ya faili zote, la sivyo Notepad itaongeza TXT mwishoni na faili itabaki maandishi tu. Kila jioni funga daftari, chomeka flashi, kisha bofya NAKALA mara mbili. Tarehe iandikwe kwa vistari, kama 14-6, wala si kwa mkwaju, maana mkwaju kwa xcopy ni alama ya maagizo.

Wako wanaopendelea kunakili juu ya nakala ya jana ili kuokoa nafasi. Mimi sikubaliani nao. Daftari likiharibika leo mchana, jioni skripti itaufuta uzima wa jana kwa utiifu ule ule. Mashine haina busara. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za Hazina kwenda mrama. Mashine haikuwa imeasi, ilifuata ilivyoelekezwa.

Kwa hiyo Katibu asinakili amri asiyoielewa kutoka kwa mtu yeyote, hasa yenye neno del, kwani kinachofutwa kwa amri hiyo hakipiti kwenye kapu la takataka. Skripti ijaribiwe kwanza kwa folda ya mfano.

Flashi isilale katika mtoto wa meza mmoja na kompyuta. Akae nayo Mwenyekiti au Mweka Hazina, kwa kutia sahihi. Kila mwisho wa mwezi Kamati ifungue faili moja kutoka kwenye flashi, ichague wanachama watatu, na kulinganisha kilo zao na kitabu cha mapokezi cha karatasi, ambacho kinaendelea kuandikwa kama kawaida.