Hadithi Fupi za Kijerumani na za Amerika ya Kaskazini kwa Msomaji wa Kiswahili: Suala la Lugha Kati

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na Franz Kafka jijini Dar es Salaam na mwenzake anayekutana naye Bujumbura hawasomi hadithi moja. Wa kwanza, kwa kawaida, amempata Kafka kwa Kiingereza, na wa pili kwa Kifaransa. Tofauti huanza katika sentensi ya kwanza ya Die Verwandlung, hadithi iliyochapishwa mwaka 1915 kuhusu Gregor Samsa, wakala wa biashara ya vitambaa, ambaye anaamka asubuhi na kujikuta amegeuka. Amegeuka nini? Edwin na Willa Muir, ambao tafsiri yao ya Kiingereza ilisomwa kwa miongo mingi, walitumia neno la kawaida tu la mdudu. Alexandre Vialatte, aliyewafikishia wasomaji wa Kifaransa hadithi hiyo mwaka 1928, alichagua neno lenye kero na uchafu wa viumbe kama chawa na kunguni. Tukitafsiri kutoka kila upande tutapata akina Gregor wawili, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa ametoka katika Kijerumani.

Makala hii inashughulikia athari za lugha kati, yaani lugha ya tatu inayosimama baina ya matini asilia na Kiswahili, katika usomaji na ufasiri wa hadithi fupi za kale za Kijerumani na za Amerika ya Kaskazini. Hoja yetu ni kwamba kutafsiri moja kwa moja si anasa ya wanazuoni. Ni sharti la kupata matini moja inayoweza kusomwa pande zote za mipaka yetu, na kuna mahali ambapo Kiswahili kina nyenzo ambazo lugha kati hazina.

Kwanza ni vyema kuelewa kwamba mapokeo haya mawili hayakuzaliwa katika nyumba moja. Goethe, akizungumza na Eckermann mwezi Januari 1827, aliieleza novela kuwa ni tukio lililotokea kweli ambalo halijapata kusikika. Mkazo wake uko kwenye tukio. Edgar Allan Poe, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne mwaka 1842, aliweka mkazo kwa msomaji: hadithi isomwe katika kikao kimoja, na kila neno lichangie athari moja iliyokusudiwa. Kwa Poe, ambaye aliishi kwa kuandikia majarida, urefu wa hadithi ulikuwa suala la kanuni. Kwa Wajerumani haukuwa hivyo. Michael Kohlhaas ya Heinrich von Kleist, iliyotoka kamili mwaka 1810, ina urefu wa kitabu kizima kidogo, ingawa chanzo chake ni jambo dogo: mfanyabiashara wa farasi anazuiwa kwenye kizuizi cha barabara na kudaiwa kibali ambacho baadaye anagundua kuwa hakikuwepo kisheria. (Wasomaji wanaovuka mipaka ya kanda hii kwa malori hawatahitaji maelezo ya ziada.)

Hata hivyo nyumba hizo mbili zilikuwa majirani. Rip Van Winkle ya Washington Irving, ya mwaka 1819, ambayo Wamarekani huihesabu miongoni mwa mwanzo wa hadithi yao fupi, imejengwa juu ya ngano ya Kijerumani ya Peter Klaus, mchunga mbuzi aliyelala miaka ishirini. Msomaji wa pwani, aliyekulia kwenye kisa cha watu wa pangoni, ataitambua mara moja. Poe naye alituhumiwa kuiga vitisho vya Wajerumani, na katika dibaji ya mkusanyo wake wa 1840 alikana kwamba hofu anayoiandika ilitoka Ujerumani. Mjadala huo wote hupotea kwa msomaji aliyempata Poe kupitia tafsiri za Baudelaire, zilizoanza kutoka kama kitabu mwaka 1856. Katika mikono ya Baudelaire, Poe amekuwa karibu mshairi wa Kifaransa.

Mfano wa kwanza wa ufasiri ninaoupendekeza ni mfupi mno. Johann Peter Hebel alikuwa mhariri na mwandishi wa kijitabu cha kalenda kilichonunuliwa na wakulima wa kusini magharibi mwa Ujerumani, na hadithi yake Unverhofftes Wiedersehen, iliyomo katika mkusanyo wa 1811, haizidi kurasa chache. Kijana mchimbaji wa madini huko Falun, Sweden, anamuaga mchumba wake na kuingia mgodini, asirudi tena. Zaidi ya miaka 50 baadaye maiti yake inapatikana, imehifadhiwa na maji ya madini kana kwamba amekufa saa ile. Hakuna anayemtambua ila bikizee mmoja aliyekuja kwa mkongojo. Baina ya kupotea na kupatikana, Hebel anapitisha historia ya dunia katika kifungu kimoja: tetemeko la Lisbon, Vita vya Miaka Saba, kugawanywa kwa Poland, uhuru wa Marekani, Mapinduzi ya Ufaransa, ushindi wa Napoleon dhidi ya Prussia, kisha, kwa uzito ule ule, wakulima wakipanda na kuvuna.

Kijerumani hufanya kazi hiyo kwa kurudia kiunganishi cha "na". Kiswahili kina kiambishi -ka-, ambacho hufunga kila tukio na lililotangulia ndani ya kitenzi chenyewe, bila kiunganishi. Wafalme wakafa, miji ikaanguka, watu wakalima: mwendo wa Hebel uko tayari katika sarufi yetu. Lakini mfasiri ataugundua iwapo tu ameziona zile "na" za asili zikifuatana. Akifanyia kazi tafsiri ambayo imekikata kifungu hicho kuwa sentensi fupi fupi, atakata naye, na kiambishi -ka- kitabaki bila kazi.

Tumrudie Gregor. Neno la Kafka ni Ungeziefer, ambalo kwa asili yake ya kale lilimaanisha mnyama asiyefaa kutolewa sadaka. Lugha kati zote mbili zimelipoteza tabaka hilo. Kiswahili kina "najisi", ingawa neno hilo limefungamana sana na fiqhi na huenda likamvuta msomaji mbali kuliko inavyotakiwa. Mimi ningelitumia kama sifa, si kama jina. Kutaja mdudu mahususi, kama mende, hakufai kabisa, kwani Kafka mwenyewe, mwaka 1915, alimwomba mchapishaji asiruhusu mdudu huyo achorwe kwenye jalada.

Jambo kubwa zaidi liko katika ngeli. Mtu na mdudu kwa Kiswahili wote hufuata upatanisho wa A-WA. Mwili wa Gregor unageuka, lakini kiambishi cha nafsi hakigeuki: aliamka, anatambaa, atakufa. Hii inalingana na msimulizi wa Kafka, ambaye haachi kumwita kwa jina lake. Mgeuko wa kisarufi huja mwishoni, dada yake anapokataa kulitaja jina la kaka yake mbele ya kiumbe kile na kukitaja kwa kiwakilishi kisicho cha kiume wala cha kike. Hapo mfasiri wa Kiswahili anaweza kuhamia ngeli ya LI-YA, "dudu hili", na kitenzi kipokee -li- badala ya -m-. Silabi moja inamtoa Gregor katika familia. Sijui nyenzo iliyo kali zaidi ya hiyo, na inadai kwamba A-WA ilindwe kwa uangalifu tangu ukurasa wa kwanza.

Mfano wa tatu ni mgumu, nao hautatuliwi kwa kuondoa lugha kati. Charles Chesnutt, mwandishi Mmarekani mweusi, alichapisha The Goophered Grapevine katika jarida la The Atlantic Monthly mwaka 1887. Mzungu kutoka kaskazini anataka kununua shamba la mizabibu huko North Carolina. Mzee Julius, aliyewahi kuwa mtumwa, anamsimulia kwamba mizabibu ile imerogwa. Katika kisa chake, mtumwa Henry hupata nguvu majira ya kuchipua na kudhoofika zabibu zikiisha, naye bwana wake humuuza ghali akiwa na nguvu na kumnunua tena kwa bei ndogo akidhoofika. Mzungu anasimulia kwa Kiingereza sanifu na Julius kwa lahaja nzito. Julius akipewa Kingwana, msomaji wa Bukavu ataambiwa kwamba lugha yake ndiyo ya mtumwa. Akipewa Kiswahili sanifu, ushindani wa sauti mbili, ambao ndio hadithi yenyewe, unakufa. Pendekezo langu ni kumpa Julius mbinu za masimulizi ya mdomo, takriri na viitikio vyake, zisizoegemea eneo lolote. Ila ni pendekezo tu, na wenzetu wa Kongo ndio wanaostahili kulipima kwanza.

Kwa washauri wa sera kuna jambo la kisheria linalosahauliwa. Hebel alifariki mwaka 1826, Kafka 1924, Chesnutt 1932. Gharama za haki miliki za matini zao asilia hazipaswi kuwa kikwazo. Tafsiri ya kisasa ya Kiingereza au Kifaransa, kwa upande mwingine, mara nyingi ina mmiliki wake, na anayeitumia kama chanzo anahitaji idhini. Mchapishaji anayekwepa gharama ya mfasiri wa Kijerumani anaweza kujikuta analipia, au anaiba, kitu ambacho asili yake ni ya bure. Hali ni tofauti kwa waandishi wa karibu kama Alice Munro wa Kanada, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2013, ambao haki zao bado zinalindwa na zinahitaji mazungumzo ya mapema.

Wafasiri wa Kijerumani wapo wachache, lakini njia si ngeni. Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901 pamoja na toleo lake la Kijerumani, na wasomaji wa Berlin wakamsoma Selim bin Abakari akieleza safari yake ya Urusi na Siberia bila Kiingereza kuhusishwa. Kwa kuanzia, bodi za mitaala zinaweza kudai jambo lisilo na gharama: kila mkusanyo wa hadithi za kigeni unaowasilishwa kwa ithibati utaje, katika ukurasa wa hakimiliki, lugha ambayo kila hadithi ilitafsiriwa kutoka kwayo, na jina la mfasiri wa kati pale alipokuwepo.