NYUMBU WA SERENGETI NA SAYANSI YA KUHESABU

Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti na kompyuta walitangaza kwamba nyumbu wahamao wa Serengeti na Mara, kama walivyoonekana mwezi Agosti 2022 na Agosti 2023, hawakufika 600,000. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tarakimu iliyotumika vitabuni na katika mipango ya hifadhi ilikuwa kama milioni 1.3, nayo ilitokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Tofauti yake ni zaidi ya nyumbu laki saba.

Kwa mwananchi wa Robanda au Nata wilayani Serengeti, na kwa mwenzake wa vijiji vya Tarime vinavyopakana na pembe ya Lamai, kaskazini ya mto Mara, jambo hili si la wasomi peke yao. Ardhi ambayo amekatazwa kulishia ng'ombe imetengwa kwa ajili ya wanyama hao, na fedha za utalii zinazotegemewa na vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona hutokana na wanyama haohao. Je, nyumbu wamepungua nusu? Au moja ya hesabu hizi ina kasoro? Kada asiyejua jinsi tarakimu inavyotengenezwa atapokea yoyote itakayoletwa mezani. Kwa hiyo yafaa tuieleze kazi hii tangu mwanzo, maana ndani yake hesabu, fizikia na uhandisi vimekwenda pamoja kwa zaidi ya miaka 60.

Tarakimu kamili iliyokosea

Hesabu ya kwanza kubwa kwa ndege ilifanywa mwezi Januari 1958 na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Ujerumani. Waliruka juu ya mbuga wakihesabu kwa macho, wakapata nyumbu 99,481. Msomaji ataona jinsi tarakimu hiyo ilivyo kamili, hata yule mmoja wa mwisho ametajwa. Mwaka uliofuata Michael alikufa ndege yake ilipogongana na tai.

Mwaka 1961 hesabu nyingine ilionyesha nyumbu kama 250,000. Je, waliongezeka kiasi hicho kwa miaka mitatu? Hata tukisema kundi lilikua kwa asilimia 11 kila mwaka, ambayo ni kasi kubwa kwa mnyama anayezaa ndama mmoja kwa mwaka, wale 99,481 wasingefika 140,000. Kwa hiyo hapana budi kukubali kwamba katika hesabu ya 1958 wengi hawakuonekana, ama kwa sababu jicho la mtu huchoka likitazama maelfu, ama kwa sababu makundi mengine yalikuwa nje ya njia za ndege. Ukamilifu wa tarakimu na ukweli wake ni vitu viwili mbalimbali. (Taarifa nyingi za mavuno zilizoandikwa mpaka kilo ya mwisho zingefaa kusomwa kwa jicho hilohilo.)

Ng'ombe waliochanjwa, nyumbu walioongezeka

Baada ya 1961 lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kufilisi wafugaji, ulikuwa ukiua pia ndama wa nyumbu kila mwaka. Watu wengi waliamini kwamba mnyama wa porini ndiye ghala la ugonjwa na ng'ombe ndiye anayeambukizwa. Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo bora ya ng'ombe, na kampeni za chanjo zikaenezwa katika vijiji vinavyozunguka mbuga. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia kufikia 1963 hivi, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Kumbe ghala lilikuwa ni ng'ombe. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani.

Matokeo yake yalionekana katika hesabu. Kutoka 250,000 mwaka 1961 nyumbu walizidi milioni 1.3 mwaka 1977. Ukigawa ongezeko hilo kwa njia ya riba juu ya riba unapata karibu asilimia 11 kwa mwaka, yaani kundi lilijizidisha mara mbili kwa kila miaka saba hivi. Kama lingeendelea hivyo mpaka leo, Mkoa wote wa Mara usingetosha.

Lakini halikuendelea. Mbelgiji Verhulst alikwisha kuandika mwaka 1838 kwamba kasi ya kuzaana hupungua kadiri idadi inavyokaribia kikomo cha chakula, na mchoro wake hupanda kwa ukali kisha hulala. Mwanasayansi Mtanzania Simon Mduma, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), pamoja na Sinclair na Hilborn, walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40, wakaonyesha kwamba kinachowazuia nyumbu wa Serengeti ni chakula, hasa majani ya kiangazi. Hapa mwanafunzi wa nadharia atatambua jambo analolijua: ongezeko la wingi lilifika mahali likageuza hali yenyewe. Nyumbu wengi walikula majani mengi, majani yakapungua, moto wa porini ukapungua, na miti ikaongezeka. Miti hiyo tutakutana nayo tena mbele.

Kuhesabu wachache ili kuwajua wote

Nyumbu milioni hawahesabiki mmoja mmoja. Mwaka 1969 mtaalamu wa takwimu G. M. Jolly alieleza, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika ya Mashariki, njia ambayo bado inatumika. Ndege hufuata mistari iliyonyooka juu ya eneo lote, ikipiga picha chini kila baada ya umbali maalumu. Wanyama walio pichani huhesabiwa, jumla yao hugawanywa kwa ukubwa wa ardhi iliyopigwa picha, na jibu huzidishwa kwa ukubwa wa eneo zima.

Tuchukue mfano wa darasani. Eneo ni kilomita za mraba 3,000. Picha zimefunika 150. Ndani yake wamehesabiwa nyumbu 60,000. Wastani ni 400 kwa kilomita moja ya mraba, na jumla ni 1,200,000. Hesabu hii ataifanya mwanafunzi wa darasa la saba. Kazi ya Jolly ilikuwa ni kueleza jumla hiyo inaweza kukosea kwa kiasi gani. Nyumbu hawakutawanywa kama mbegu shambani. Hukaa makundi, picha moja ina 2,000 na inayofuata haina hata mmoja. Kadiri picha zinavyotofautiana ndivyo shaka inavyokuwa kubwa. Kama kosa sanifu ni asilimia 10, basi jibu la kweli la mfano wetu ni "kati ya 960,000 na 1,440,000", kwa uhakika wa kama 95 katika 100. Tena kosa hilo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Anayetaka kulipunguza kwa nusu hana budi kupiga picha mara nne, na kununua mafuta ya ndege mara nne. Hivyo swali la takwimu linageuka kuwa swali la bajeti.

Uhandisi nao ulikuwa na sehemu yake. Upana wa ardhi inayoonekana kutoka kwenye ndege hufuata kanuni ya pembetatu zinazofanana: ndege ikipanda kutoka futi 300 hadi 330, ukanda wa meta 150 unakuwa wa meta 165, na rubani ameingiza kosa la asilimia 10 bila kujua. Ndiyo maana hutumika kipimakimo cha redio, ambacho hutuma mawimbi ardhini na kupima muda wa kurudi kwake. Kwa kimo cha meta 100 muda huo ni theluthi mbili tu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Jicho la angani na mpaka wake

Setilaiti huondoa tatizo la picha chache, kwa kuwa hufunika eneo kubwa kwa mara moja. Lakini fizikia imeiwekea mpaka. Kitu kidogo kabisa ambacho darubini inaweza kukitenga hupatikana, kwa makadirio, kwa kugawa urefu wa wimbi la mwanga kwa upana wa kioo na kuzidisha kwa umbali. Wimbi la mwanga ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Setilaiti iitwayo WorldView-3 huruka kilomita 617 juu, na kioo chake ni cha meta 1.1. Fanya hesabu, utapata kama sentimita 30. Hakuna fundi anayeweza kuuvuka mpaka huo bila kioo kipana zaidi au njia ya chini zaidi. Nyumbu mwenye urefu wa meta mbili huonekana kama nukta chache zilizoshikana, wala haijulikani kwa yakini kama ni nyumbu au punda milia.

Ndipo kompyuta inapoingia. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa TAWIRI, walionyesha kwamba picha za ndege za mwaka 2015, ambazo wataalamu huzihesabu kwa wiki kadhaa, kompyuta iliyofunzwa huzimaliza kwa chini ya siku moja. Mafunzo yake si muujiza. Kompyuta huonyeshwa maelfu ya mifano iliyowekewa alama na watu, hukisia, hupima kosa lake, kisha kwa hesabu ya mabadiliko, ileile ya Newton na Leibniz, hutafuta upande ambao kosa linateremka, kama mtu anayeshuka mlima wa Tarime katika ukungu akipapasa mteremko kwa mguu. Mwaka 2023 njia hiyo ilitumiwa kwa setilaiti. Kati ya kila wanyama 100 waliokuwepo pichani kompyuta iliwaona 82, na kati ya kila 100 iliyodai kuwaona, 88 walikuwa kweli.

Je, pengo linatokana na nini?

Turudi sasa kwenye laki saba. Tukidhani kwamba kompyuta ilikosa 18 katika kila 100, basi 600,000 ikigawanywa kwa 0.82 inakuwa kama 730,000. Bado milioni 1.3 iko mbali, na kosa la sampuli ya ndege peke yake haliwezi kulifuta pengo kubwa namna hiyo.

Lakini tazama majira. Hesabu za ndege hufanywa wakati wa mvua, nyumbu wanapokuwa kwenye nyanda wazi za kusini zisizo na miti. Picha za setilaiti zilipigwa Agosti, wakati makundi yamesambaa pande zote za mto Mara, katika ardhi ya Tarime, ya Serengeti na ya Kenya, penye vichaka na ile miti iliyoongezeka tangu sotoka iondoke. Nyumbu aliye kivulini mchana hana nukta angani, na kundi lililo nje ya picha haliongezwi kwa kuzidisha. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba nyumbu wamekufa nusu. Kwa upande mwingine hatuwezi kusema kwamba milioni 1.3 imethibitishwa, maana nayo ni makadirio yenye mpaka wa kosa, na mara nyingi hurudiwa bila mpaka huo.

Jaribio linaloweza kuamua linajulikana: ndege na setilaiti zipige picha siku moja, juu ya eneo lilelile, wakati wa mvua, nyumbu wakiwa nyandani; kisha zirudie Agosti kando ya mto Mara, zikisaidiwa na nyumbu waliovishwa mikanda ya redio ili ijulikane ni sehemu gani ya kundi iliyo chini ya miti. Picha za setilaiti zinauzwa na makampuni ya nje. Ndege na marubani tunao. Watu wa kuweka alama kwenye picha, na kuifunza kompyuta kumtofautisha nyumbu na kichaka cha Lamai, wanaweza kutoka katika shule za sekondari za Mugumu na Tarime, ambako mnyama huyo anajulikana bila kuonyeshwa picha.