Maembe ya jirani: tuwaambie nini watoto wetu?

Kila mwaka mvua zikishaanza huku Kigoma, maembe nayo hayako mbali. Ni majira ambayo jioni, tukikaa nje kungoja ugali uive, maongezi yanarudi kule kwetu: Baraka, Fizi, Uvira. Mmoja akianzisha hadithi ya kuiba maembe utotoni, basi kila mtu anayo ya kwake. Watu wazima na mvi zao wanacheka mpaka machozi yanatoka. Pembeni watoto wamekaa kimya, wanasikiliza. Mwezi huu tuongee juu ya hao wanaosikiliza.

Wizi uliokuwa na sheria zake

Sisi tuliokulia kando ya ziwa Tanganyika tunakumbuka. Njia ya kutoka masomo ilikuwa fupi, lakini tulipita ile ndefu yenye miti. Kila mti tuliujua kwa mwenyewe: mwembe wa fundi cherehani, avoka za mwalimu, mapera ya mama mzee wa kona. Mkubwa anakwea, mmoja analinda njia, wadogo wanaokota chini. Mwenye akili ametoka nyumbani na chumvi kidogo ndani ya jani, kwa ajili ya embe bichi. Tulijua kwamba tawi la mpera linapinda bila kuvunjika, kwamba tawi la mti wa avoka linakatika ghafla, na kwamba mpapai haukwewi. Unapiga tunda kwa fimbo ndefu na mwenzako analidaka.

Lakini si kwamba tulifanya ovyo. Sheria zilikuwepo, hata kama hakuna aliyeziandika. Unakula palepale, hubebi. Anayekula chini ya mti ana njaa. Anayejaza kikapu ni mwizi, na huyo alipelekwa kwa baba yake. Huvunji tawi. Hugusi mihogo wala kuku. Na mti wa mjane anayeuza matunda yake sokoni unaupita, hata kama umeiva namna gani.

Yule mama mzee wa kona alikuwa na tabia moja. Kabla ya kutoka nje, alikohoa. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa mara mbili, akagonga sufuria, akangoja kidogo, ndipo akafungua mlango. Wakati huo siye tumeshashuka na kukimbia, tunajisifu kwamba ni wajanja kumshinda. Miaka ilipita, tukawa na watoto wetu, ndipo mmoja wetu akamuuliza. Akajibu kwamba mtoto akishtuliwa juu ya mti anaanguka. Mapera yatazaa tena mwakani, akasema, lakini mguu wa mtoto ukivunjika, nitamwambia nini mama yake?

Kumbe alikuwa akitujua wote, siku zote. Hiyo ndiyo siri ya wizi ule. Mwenye mti alijua wewe ni mtoto wa nani, na habari zilifika nyumbani kabla yako. Fimbo ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa fimbo ya mzazi, ilipimwa. Na maembe yenyewe yalikuwa mengi kuliko midomo. Mengine yalioza chini, mbuzi wakayachoka.

Hapa mambo ni mengine

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa hapa mwaka ule, leo nao ni wazazi. Watoto wao hawajawahi kuuona mwembe wa fundi cherehani, wanausikia tu. Na mgawo tunaujua: unga, maharage au dengu, mafuta, chumvi. Matunda hayamo. Sasa mtoto aliyesikia hadithi zetu jana usiku, leo akiona maembe kwenye shamba la mwenyeji nje ya kambi, anadhani ni mchezo uleule wa baba yake.

Si mchezo uleule, na ni sisi wa kumwambia. Kwanza, mkimbizi kutoka kambini bila kibali ni kosa, kufuatana na sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998. Pili, mwenye shamba hamjui mama yake. Hatakohoa. Hataona mtoto wa jirani, ataona mkimbizi, na embe moja laweza kugeuka ugomvi kati ya kijiji kizima na kambi nzima. Na mtoto akianguka huko, nani atamwokota na kumleta hospitali?

Tatu, tuwe wakweli kwa upande wa mkulima pia. Kwake embe lile si la kuoza chini. Ni madaftari, ni sare ya shule, ni dawa. Ule mti uko sawa na mti wa mjane wa kule kwetu, ambao hata siye tulioruka kila uzio tuliupita bila kuugusa. Akikasirika ana haki.

Je, basi tuache kusimulia? Hapana. Hadithi hizi ni sehemu ya nyumbani ambayo hakuna aliyeweza kutunyang'anya njiani. Ila tusisimulie nusu. Tukimwambia mtoto jinsi tulivyokwea, tumwambie pia kwamba hatukubeba, kwamba mti wa mjane haukuguswa, na kwamba mama mzee alikohoa. Mtoto akisikia ushujaa peke yake, atafuata ushujaa.

"Nipande mti, kwani nabaki hapa?"

Liko na jambo la pili. Muulize jirani kwa nini hana hata mpapai mmoja mlangoni. Wengi watakujibu: "Mwembe unachukua miaka, na mimi nangoja kurudi." Neno hilo lina uchungu, tusilicheke. Kwa wengine, kupanda mti hapa ni kama kutia sahihi kwamba nyumbani hawataenda tena.

Lakini tuhesabu pamoja. Mwembe wa mbegu unazaa baada ya miaka 5 mpaka 8 hivi. Aliyeuzika mwaka 1997 alikuwa anakula maembe yake kabla ya mwaka 2006. Aliyesema "nangoja" mwaka uleule, amengoja bila embe na bila kivuli. Wenzetu wa Lugufu walihamishwa kambi yao ilipofungwa mwaka 2009. Waliokuwa wamepanda miti waliiacha, ndiyo. Lakini mtu hasemi kwamba alipanda bure ikiwa watoto wake walikula na walikaa kivulini.

Na tukumbuke embe lenyewe lilitoka wapi. Si tunda la asili la huku. Asili yake ni upande wa India. Karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliliingiza bara kwa njia ya misafara, toka Bagamoyo, Tabora, hadi Ujiji, si mbali na hapa tulipo, kisha likavuka ziwa kwenda kwetu Kongo. Pale Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, miembe ya zamani ingalipo. Njia ile ilikuwa na machozi mengi. Wengi waliopita chini ya vivuli vile walikuwa wamefungwa minyororo, wanapelekwa wasikokujua. Hata hivyo mbegu zilitupwa au zilipandwa kando ya njia, na watu walikuwa safarini. Embe tulilokuwa tukiiba kule Fizi lililetwa na wapita njia. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mti hupandwa na mwenye kukaa peke yake.

Anza na kidogo

Viwanja vyetu ni vidogo, hatusemi kila nyumba iwe na mwembe. Anza na papai, ambalo likipata maji laweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Tia mbegu tatu au nne shimo moja. Miti ikichanua, ile yenye maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni dume. Ng'oa, bakiza jike. Ila katika mipapai ya karibu, dume moja libaki. Marakuja nalo linazaa mapema na halitaki eneo, litatambaa kwenye uzio au kwenye paa la jiko. Mpera unataka kama miaka 3 au 4. Mwembe ufikirieni pamoja, labda uwanja wa shule au kati ya nyumba nyingi, mkishaongea na mwenyekiti wa kijiji. Kokwa la embe lipasue taratibu, toa mbegu ya ndani, uipande ingali mbichi. Itaota upesi kuliko ukiifukia na ganda lake. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia, usiyatupe.

Mpe mtoto mti wake mwenyewe autunze. Akishachota maji ya papai lake miezi kumi, ataelewa mwenyewe kwa nini mkulima wa kijiji anakasirika, bila wewe kumpigia kelele.

Na majirani mkae, mkubaliane zile sheria za zamani: kula palepale ruhusa, kujaza mfuko hapana, kuvunja tawi hapana. Maana matunda yakiiva, watoto wa jirani watakuja tu. Siku utakaposikia majani yanachakacha na vicheko vinazuiliwa huko nje, usitoke mbio na fimbo. Kohoa kwanza.