Sababu gani watu hawaiamini Serikali?

Mazungumzo ya amani redioni, Lubumbashi

Tunasema na ninyi wazazi muliokimbia vijiji vyenu, na ninyi mashefu munaowapokea. Leo tunajibu ulizo moja: sababu gani Serikali inaposema "amani imerudi, rudini kwenu", watu wengi wanabaki kimya na hawaondoki?

Wengine wanasema ni ukaidi. Hapana, ni kumbukumbu. Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushituka.

Kumbukeni habari ya Gédéon Kyungu Mutanga. Watu wa Mitwaba, Pweto na Manono waliteswa na Mayi-Mayi, hata eneo lile likaitwa pembetatu ya kifo. Gédéon alijitoa mwaka wa 2006. Mwaka wa 2009 korti ya kijeshi ilimhukumu kifo. Watu wakasema: kumbe sheria iko! Lakini mwaka wa 2011 alitoroka gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi. Mwaka wa 2016 akajitoa tena, akapokewa kwa sherehe, akapewa nyumba mjini. Mwezi wa tatu 2020 akatoroka tena. Basi mama aliyechomewa nyumba, akiambiwa "usiogope", atalipima neno hilo kwa yale aliyoyaona.

Imani haiagizwi kwa amri. Ni kama deni dukani: anayekopeshwa tena ni yule aliyelipa la kwanza.

Lakini kutoamini kuna hatari yake. Mtu asiyeweza kumfikia mkubwa humgeukia jirani. Mwaka wa 1992 na 1993 wanasiasa walisema kwamba shida za Katanga zinatoka kwa Wakasai. Majirani walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikufa kwenye stesheni na njiani. Wakasai waliondoka, lakini Gécamines iliendelea kuanguka, na njaa haikuondoka nao.

Mashefu, ninyi ndio Serikali ambayo watu wanaiona kila siku. Anzeni na madogo. Orodha ya msaada isomwe mbele ya wote, na jina la ndugu yako lisitangulie. Tena, sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inasema: katika redevansi, ile feza ambayo kampuni inalipa kwa ajili ya madini inayotoa, asilimia 15 ni ya komini, sekta au ushefu ambako yanachimbwa. Semeni wazi ni kiasi gani kimeingia, na kimejenga nini. Kama hujui jambo, sema "sijui". Neno hilo halikuvunjii heshima. Uongo ndio unaivunja.

Na ninyi wazazi, ulizeni, tena ulizeni bila matusi. Musipitishe uvumi. Kosa la mkubwa mmoja musilitie juu ya kabila lake.