Ufungashaji Tasa wa Vyakula na Vinywaji: Bidhaa Imefika, Jina Lake Bado

Katika maduka mengi ya miji yetu, maziwa yaliyotiwa ndani ya boksi za karatasi hupangwa rafuni pamoja na chumvi na sabuni, mbali na jokofu, na hukaa hapo miezi kadhaa bila kuharibika. Mnunuzi akiyaona huuliza, "Haya yametiwa dawa gani?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba maziwa hayo hayahitaji kutiwa dawa yoyote ya kuyahifadhi. Siri iko katika joto na katika namna ya kufunga. Lakini mwalimu, mfasiri au ofisa wa serikali anapotaka kulifafanua jibu hilo kwa Kiswahili, mara hukwama, kwa kuwa bidhaa imefika kabla ya jina lake. Makala haya yanakusudia kueleza dhana yenyewe, kufuatilia mwendo wa soko lake, na kupendekeza istilahi chache.

Dhana yenyewe

Watu wetu tangu kale wamehifadhi chakula kwa kukianika, kukitia chumvi na kukikausha kwa moshi. Njia ya kukifungia chakula chombo na kukichemsha humo humo ilielezwa na Mfaransa Nicolas Appert katika kitabu alichokitoa mwaka 1810, baada ya kupewa na serikali yake tuzo ya faranga 12,000. Appert alijua kwamba njia yake inafaa, lakini hakujua kwa nini. Sababu ilidhihirika nusu karne baadaye, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba kuoza na kuchacha ni kazi ya vijidudu.

Chakula cha kopo hufuata njia hiyo mpaka leo: hutiwa koponi, kopo likafungwa, kisha vyote viwili vikapikwa pamoja, aghalabu kwenye nyuzi 121 za Sentigredi hivi, kwa dakika nyingi. Ufungashaji tunaouzungumzia hapa hugeuza utaratibu huo. Chakula hupashwa joto peke yake. Kifungashio nacho hufishwa vijidudu peke yake. Kisha viwili hivyo hukutanishwa mahali ambapo vijidudu vimezuiwa kuingia. Maziwa, kwa mfano, hupashwa joto la nyuzi 135 hadi 150 kwa sekunde chache tu, yakapozwa upesi. Karatasi ya boksi huoshwa kwa haidrojeni peroksaidi, ambayo huondolewa kwa hewa ya moto kabla maziwa hayajamiminwa. Kwa kuwa joto ni la muda mfupi, ladha na virutubisho huhifadhika zaidi kuliko koponi.

Yafaa kutofautisha jambo hili na kupasturisha. Maziwa yaliyopasturishwa hupashwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu. Joto hilo huua vijidudu vya maradhi, lakini huacha vingine viwezavyo kuyachachusha. Ndiyo maana maziwa hayo hayana budi kuwekwa penye baridi. Mfasiri anayeandika "maziwa yaliyochemshwa" kwa aina zote mbili amemwondolea msomaji habari aliyoihitaji kuliko zote: yapi yawekwe jokofuni, na yapi yaweza kukaa rafuni.

Mwendo wa soko

Soko la bidhaa hizi lilianza kwa maziwa. Kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa mjini Lund, Uswidi, mwaka 1951, ilianza kwa pakiti ya karatasi yenye pembe nne, ambayo msomaji wetu angeifananisha na sambusa. Mwaka 1961 ilitoa mtambo wa kufungasha maziwa katika hali tasa, na mwaka 1969 ikatoa boksi la umbo la tofali kwa njia hiyo hiyo. Umbo la tofali lilikuwa na faida ya biashara, kwani matofali hupangika bila kuacha nafasi, na nafasi katika gari na ghala ni fedha.

Kutoka maziwa, soko lilihamia kwenye maji ya matunda. Huko Marekani mlango ulifunguka mwaka 1981, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliporuhusu haidrojeni peroksaidi itumike kufisha vijidudu katika vifungashio vya aina hii. Baadaye zikafuata supu, michuzi, vinywaji vya soya na maji ya madafu. Aidha, njia hiyo iliingia katika biashara ya jumla: nyanya zilizosagwa na maji ya machungwa hujazwa katika mifuko mikubwa iliyo tasa, hata ndani ya mapipa, zikasafirishwa nchi za mbali ili zifungashwe upya huko. Profesa Philip Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2007 kwa mchango wake katika kazi hiyo. Siku hizi hata chupa za plastiki hujazwa kwa njia hii.

Mwelekeo wa sasa unahusu taka. Boksi la kawaida la aina hii huwa na karatasi ngumu kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Sehemu iliyobaki ni plastiki na utando mwembamba wa alumini unaozuia mwanga na hewa. Tabaka hizo zimeshikamana, na kuzitenganisha ili zitumike tena ni kazi inayotaka mitambo maalumu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wanatafuta utando wa asili ya karatasi ushike nafasi ya alumini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, vifuniko vya plastiki vya chupa na boksi za vinywaji zisizozidi lita tatu sharti vibaki vimeshikamana na chombo chake hata baada ya kufunguliwa. Mambo haya yote yatatufikia katika mikataba, sheria na vitabu vya shule, nayo yatadai maneno.

Tatizo la istilahi

Maneno matatu hugombea nafasi. La kwanza ni "safi". Neno hili ni pana mno. Sahani iliyooshwa ni safi, lakini si kwamba haina vijidudu.

La pili ni "kutakasa". Hili lina nguvu zaidi, na katika mazungumzo ya hospitali husikika. Hata hivyo, mzizi wake umekwisha kuolewa na dini. Ukitaka kuunda kivumishi kutokana nalo utafika kwenye "takatifu", na hakuna mfanyabiashara atakayekubali kuuza maziwa matakatifu.

La tatu ni "tasa". Kwa asili neno hili humhusu mwanamke au mnyama asiyezaa, nalo laweza kuumiza likitumiwa ovyo. Lakini maana yake ya msingi, yaani hali ya kutozaa, ndiyo hasa inayotakiwa: ndani ya boksi hakuna kinachozaliana. Katika lugha ya kitaalamu neno hili linafaa. Kwenye lebo ya bidhaa halifai, kwani mama anayesoma "maziwa tasa" aweza kudhani ni maziwa yasiyo na faida kwa mtoto.

Kuna hatari nyingine. Baadhi ya wafasiri huandika "hayana vijidudu kabisa". Wataalamu hawadai hivyo. Wanachodai ni kwamba hakuna kijidudu cha maradhi, wala kinachoweza kukua katika hali ya kawaida ya dukani na nyumbani. Spora chache zinazostahimili joto kali zaweza kubakia zimelala bila kudhuru. Vivyo hivyo, kuyaita "maziwa ya kudumu" ni kumwahidi mnunuzi jambo lisilokuwapo. Uthabiti huo una mpaka wa tarehe, na hukoma boksi linapofunguliwa. Baada ya hapo, maziwa haya huharibika kama maziwa mengine.

Tusisahau majina ya biashara. Watu wetu huita dawa yoyote ya meno Colgate, na hakuna ubaya katika mazungumzo. Lakini ofisa ugavi anayeandika katika zabuni jina la kampuni moja badala ya jina la aina ya kifungashio, amewafungia mlango washindani bila kujua. Wananchi nao huwa na njia yao ya kutaja: nchini Kenya, maziwa yaliyogawiwa shuleni tangu mwaka 1979 yaliitwa "maziwa ya Nyayo", kwa kufuata kaulimbiu ya Rais Moi. Jina lilishika kwa sababu lilitaja kilichowagusa wananchi. Funzo kwa wafasiri ni kwamba jina la kitaalamu lisipoeleweka, umma utajitungia lake.

Mapendekezo

Kwa hoja hizo, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ufungashaji tasa: njia ya kutia chakula kilichofishwa vijidudu ndani ya kifungashio kilichofishwa vijidudu peke yake, katika mazingira yasiyoruhusu vijidudu kuingia. Litumike katika mikataba, zabuni na vitabu.

(b) Kufisha vijidudu: tendo lenyewe, liwe kwa joto, kwa kemikali au kwa mionzi.

(c) Kupasturisha: kupasha joto la wastani kwa kusudi la kuua vijidudu vya maradhi. Lisichanganywe na (b).

(d) Joto kali la muda mfupi: maelezo ya herufi UHT zionekanazo kwenye pakiti. Herufi zenyewe zaweza kubaki, mradi maelezo yawe karibu nazo.

(e) Kwenye lebo, badala ya istilahi, iandikwe sentensi kamili: "Hayahitaji jokofu kabla ya kufunguliwa. Yakifunguliwa, yawekwe penye baridi na yanywewe katika siku zilizotajwa."

Pendekezo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Istilahi (a) hadi (d) zinawahusu wataalamu, ambao wasipoelewa wataulizana. Sentensi ya (e) inamhusu mzazi aliye mbali na umeme, anayenunua boksi moja kwa ajili ya mtoto na kumpa nusu yake asubuhi. Akiamini kwamba maziwa hayo "ni ya kudumu", atalibakiza boksi lililofunguliwa mezani hadi kesho yake, na mtoto ndiye atakayelipa gharama ya kosa la mfasiri.

Wasomaji wetu, hasa walimu wa sayansi ya kilimo na maofisa ugavi, wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutoa maoni. Neno hukubalika kwa kutumiwa, na wanaolitumia ndio wajuao linapobana.