Penseli ya Mwinjilisti wa Nakivale

Nilikuwa nimeketi katika kibanda cha fundi wa kujalidi vitabu mjini Mbarara, alipoingia mzee mmoja mwenye koti jeusi lililofifia kwa kufuliwa, amekumbatia daftari kubwa la hesabu, la aina ile waitumiayo wenye maduka, lililofunikwa kwa kitenge na kuzungushwa kamba ya katani. Naye alipoambiwa aliache apate kulichukua kesho yake, akajibu kwa upole usio na mzaha kwamba kitabu hicho hakilali nje, akavuta kigoda, akaketi mkabala na fundi tangu saa tatu asubuhi hata adhuhuri, macho yake yakiifuata sindano katika kila tundu.

Neno lile la kitabu kisicholala nje lilinikaa moyoni likakataa kutoka. Nilimwamkia shikamoo, naye, kama ilivyo desturi ya waumini wengi wa Kivu, akanijibu, "Bwana asifiwe, ndugu yangu." Alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la Kipentekoste katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, nchini Kongo. Ameniomba nisilitaje jina lake wala jina la kijiji anachokaa, nami namtimizia. Mimi nilikuwa nimefika Mbarara kwa kazi nyingine, kuandika juu ya vilima vya Nyamitanga na Ruharo, Wakatoliki huku na Waanglikana kule, na wamisionari waliojenga huko zamani. Lakini jioni ile niliifunga kalamu yangu juu ya vilima, na asubuhi ya pili nikamfuata mmisionari huyu aliye hai.

Safari yenyewe si ndefu. Gari la abiria hupita lami mpaka Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, katikati ya migomba iliyopanda milima hata vileleni na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Kisha lami huachwa, na vumbi jekundu likaingia katika kila mkunjo wa nguo. Kondakta alitaka daftari lile lipande juu pamoja na magunia. Mzee akalipakata magotini, akalifunika kwa koti, akasafiri hivyo njia nzima, akikohoa yeye ili kitabu kisipate vumbi.

Njiani nilikumbuka misafara ya kale ya wamisionari, jinsi Alexander Mackay alivyofika pwani yetu mwaka 1876 naye asiione ikulu ya Kabaka Mutesa ila Novemba 1878, na jinsi Padre Lourdel na Bruda Amans walivyofika Buganda Februari 1879 baada ya kuvuka bara kutoka Bagamoyo. Barua za mabwana hao zimehifadhiwa kwa taadhima katika maktaba za Ulaya. Wapagazi waliowabebea vitabu, nguo na dawa, ambao bila mabega yao safari hizo zisingalikuwako, aghalabu hawakuandikwa majina.

Nakivale haihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa kanda hii. Ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, walipokuwa wakipokewa Wanyarwanda, na leo ina watu zaidi ya laki moja, Wakongo wakiwa ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, wakikaa katika vijiji vilivyotawanyika kuzunguka ziwa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, zahanatini na kanisani. Kanisa la mwenyeji wangu ni la udongo, limeezekwa nusu kwa mabati na nusu kwa turubai, na kengele yake ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini.

Daftari hukaa katika sanduku la bati lililoundwa kwa makopo ya mafuta ya msaada yaliyonyooshwa kwa nyundo, maana mchwa wa Nakivale hawana staha. Mzee alinawa mikono, akaikausha, akalifungua juu ya meza. Kila sahifa imepigwa mistari kwa rula: nambari, jina, kijiji cha asili, tarehe ya ubatizo, maji aliyobatiziwa, na mwisho sehemu pana kuliko zote, iliyoandikwa juu yake *Maelezo*. Katika sehemu ya maji nilisoma Ziwa Tanganyika, Mto Ruzizi, na kisha, kwa sahifa nyingi mfululizo, Ziwa Nakivale, ambako wavuvi huulizwa kwanza viboko wamelala upande gani kabla mbatizwa hajaingia.

Ila sehemu ya maelezo ndiyo iliyonishika. Wengine wameandikwa kwa wino: *Kanada. Marekani. Australia.* Wengine, kwa wino vilevile: *Amelala*, ikifuatwa na tarehe na alama za kaburi, mathalani "mashariki ya mwembe wa tatu", kwa kuwa makaburi mengi hayana jiwe. Na wengine wameandikwa kwa penseli neno moja tu: *Amerudi*. Katika sahifa nilizozifunua, waliobaki bila maelezo yoyote hawakufika nusu.

Nilimwuliza sababu ya penseli.

"Mwenye kupanda ndege harudi kukaa hapa," alisema. "Huyo namwandika kwa wino, nimekwisha kumtoa. Lakini mwenye kurudi Kongo, mutu huyo simjui mwisho wake. Vita vikimkuta atakuja tena. Nitafuta, atakuwa mushirika kama zamani. Nikimwandika kwa wino nitakuwa nimemfungia mlango."

Akanionyesha jina la mwanamke mmoja, ambalo mbele yake karatasi imefutwa hata ikawa nyembamba, na mwanga wa dirishani ukapenya. Mara tatu amekwenda, mara tatu amerudi. Safari ya nne penseli ingali ipo. Nilipouliza ni muda gani tangu alipoondoka, mzee alilifungua sanduku, akatafuta kitu asichokipata, akalifunga tena.

Ndipo aliponieleza asili ya mwiko wake. Kanisa alilolelewa lilipandwa na Wapentekoste wa Sweden waliofika Uvira mwaka 1921, watu waliowafundisha babu zake kusoma na pia kuandika washirika daftarini. Alipokuwa mtunzaji yeye, alirithi kitabu chenye majina ya vizazi vitatu. Usiku mmoja tu alikiacha kanisani badala ya kwenda nacho nyumbani; usiku huo watu wenye bunduki wakalichoma kanisa. Akapita Burundi na Rwanda na familia yake, mikono mitupu, na alipofika Nakivale kazi yake ya kwanza, kabla hata nyumba haijakandikwa, ilikuwa kuzunguka vijijini kuuliza: nani anakumbuka ubatizo wake? Nani alisimama karibu nawe majini? Sahifa za mwanzo za daftari hili zimeandikwa kwa vinywa vya watu.

"Wale Wasweden walitumwa, walikuwa na barua na mshahara," alisema. "Mimi nilitumwa na risasi. Lakini nilipofika nilikuta batu, na batu wakihesabiwa na serikali, na shirika, kwa ajili ya chakula. Nikasema, lazima wahesabiwe na mutu asiyegawa kitu."

Hana mshahara. Analima maharage na mahindi katika kiwanja alichopewa, na tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, sadaka ya Jumapili huja kwa vikombe vya unga, nayo hurudi kwa wajane siku ileile. Simu yake, hata hivyo, haitulii. Waliokwenda ng'ambo humtaka ithibati ya ubatizo au ndoa, naye huipiga picha sahifa na kuituma kwa WhatsApp. Mmoja wao aliandikwa kwa wino neno *Sweden*, na mzee aliponionyesha aliweka kidole chini ya neno hilo, akakiacha hapo kwa kitambo. Kijana huyo sasa huongoza nyimbo za Kiswahili huko, katika nchi iliyowapeleka walimu wa babu zake. Nilimwuliza mzee kama kijana yule ni mkimbizi au mmisionari. Akasema hilo atalijibu kijana mwenyewe.

Sikuyapata majibu ya yote niliyouliza. Orodha yenye majina na vijiji vya asili si kitu cha salama kwa watu waliokimbia wanaowatafuta, naye analijua hilo. Mshirika mmoja alimwomba akifute kijiji chake, na nafasi hiyo ni tupu mpaka leo. Je, wapo wengine wenye hofu ambao hawakuthubutu kusema? Na kesi yake yeye ya kuhamishiwa ng'ambo ikipita, kama zilivyopita za wengi, nani ataipokea penseli? Vijana waliofundishwa kuandika wameandikwa kwa wino mmoja baada ya mwingine. Juu ya kesi yake alisema tu kwamba ameitwa kuhojiwa, na kwamba amekwenda Mbarara kulijalidi daftari kwa sababu hiyo.

Basi neno langu ni kwako wewe usomaye ukiwa mbali, ambaye siku moja uliingia katika maji ya Ziwa Nakivale au ya Tanganyika, na katika simu yako imo picha ya sahifa yenye jina lako na ya jirani zako. Tafadhali usiifute. Daftari lile halina nakala.