Kambale hasubiri kalenda, anasubiri mafuriko

Mfugaji wa Enguserosambu anajua ng'ombe wake hushika mimba kwa wingi mvua ikishanyesha na malisho yakastawi. Kusini yake, kwenye bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, kambale naye ana hesabu hiyohiyo, ila yeye hasomi nyasi. Anasoma maji.

Mpasue kambale jike mpevu kabla tu ya masika. Utakuta mifuko miwili, yaani ovari, imejaa mayai madogo ya kijani-kahawia, kila moja kama punje ya ulezi. Yameiva, lakini hayatagwi. Kwa nini?

Kazi huanzia kwenye ubongo, unaoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake. Tezi hiyo humwaga homoni mbili katika damu. Ya kwanza huzifanya ovari zitoe estrojeni, nayo estrojeni huliagiza ini litengeneze protini za kiini cha yai. Naam, ini ndilo jiko la mayai! Homoni ya pili ndiyo inayokamilisha kuyaivisha na kuyaachia. Hiyo imewekewa breki: dopamini, kemikali ya ubongo huohuo.

Breki hulegea mito inapofurika na maji kupanda hadi kwenye majani ya kandokando. Usiku, jike na dume huingia kwenye kina kifupi, mayai yakanata kwenye majani na kuanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Mvua isiponyesha, mwili huyanyonya mayai yale taratibu, hasara ikapungua.

Ndiyo maana kambale wa bwawani hubeba mayai bila kutaga: hajaona mafuriko. Mtotoleshaji humletea mafuriko kwa sindano. Huchukua pituitari ya kambale mwingine mpevu, huisaga, huichanganya na maji ya chumvi, kisha humchoma jike kwenye mnofu wa mgongo. Maji yakiwa nyuzi 25, baada ya saa kumi na moja hivi mayai hukamuliwa yakitiririka kama uji. Dume hakamuliki kirahisi, kwa hiyo mara nyingi huchinjwa ili manii yapatikane. Mbinu hii ya sindano ilianzia Amerika Kusini miaka ya 1930.

Huku ziwani hakuna sindano. Wavu unaotegwa mdomoni mwa mto usiku wa mafuriko ya kwanza hunasa kambale waliobeba mayai kiangazi kizima, saa chache tu kabla hawajayataga.